Kizibo cha Nyang'

Ogwedhi
9 Juni 2024

Ndugu Zadock,

Umenifungia simu. Nimejaribu kwa laini yangu, nikajaribu kwa laini ya Truphena mke wangu, hata kwa ya Mogire anayenichungia ng'ombe, na kila mara inakatika kabla haijalia. Basi nimenunua karatasi. Kiswahili changu cha kuandika unakijua na hujawahi kukisifu, lakini Kikuria hukielewi, na Kijaluo changu kinaishia kwenye kuomba maji na kuuliza bei ya fahali.

Barua hii nimempa Omanga aje nayo akija Kosele kununua mbuzi. Amekubali shingo upande. Anasema hakufungua buchari Uriri ili iwe posta, na kwamba sisi wawili tukimaliza ugomvi wetu tumkumbuke na yeye, kwa sababu ni rafiki yetu sote na hana mtu mwingine wa kuchafuka naye tope.

Zadock, pole. Nilikuambia pole siku ile ufuoni lakini hukuwa ukisikia neno la mtu. Levis alikuwa mdogo wako, na mimi nilimfanya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha Nyang', gari langu la tope na maji. Unakumbuka aliposhika vile vyuma viwili mara ya kwanza, akauliza usukani uko wapi? Tukamwambia hakuna usukani, ukitaka kwenda kulia unavuta cha kulia. Akavuta na hakuachia, tukazunguka mchangani kama pia, na wewe kwenye Opuk, gari lako, ukicheka hadi injini ikakuzimikia. Watoto wa ufuoni walikuwa wakikimbia nyuma yetu. Walizoea kutuita wazee wa beseni, kwa sababu magari yenyewe ni beseni lililowekewa magurudumu sita, tena beseni kuukuu, lililotengenezwa kabla mimi na wewe hatujaanza shule. Lako ulilitoa kwenye ghala la misheni, kuku wakitagia ndani. Langu nililipata Uriri kwa mtu wa vyuma chakavu. Hakuna aliyeamini yatawaka, sembuse kuelea.

Najua unachotaka kuniuliza. Kwa nini sikuja mazishini. Sina jibu la kukuandikia. Nilimtuma Omanga na yule fahali mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, na wiki hiyohiyo fahali akarudi. Omanga anasema ulimwambia ng'ombe wangu haliwi kwenu. Yuko hapa zizini. Truphena ananiuliza tumfanyeje, nami sijui mtu anamfanyaje ng'ombe wa matanga aliyekataliwa.

Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunitukana.

Ndugu yako,
Gisiri


Kosele
23 Juni 2024

Gisiri,

Sitakutukana. Nitakuuliza.

Jumapili ile tuliendesha sote, mimi na Opuk, wewe na Omanga kwenye Nyang'. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ziwa limepanda, mdomo wa mto umekuwa tope tupu. Tulicheka siku ile kuliko siku yoyote. Jumatatu asubuhi ukabaki kuiosha Nyang', kwa sababu ni yako, ingawa inakaa nyumbani kwangu kwa kuwa kwenu hakuna ziwa. Ukafungua kizibo cha chini kutoa maji. Ukaona raba yake imekatika. Ukakitia mfukoni ukaenda zako. Ukaacha gari lina tundu tumboni, limefunikwa turubai vizuri kama kitu kizima.

Jumamosi Levis akaja na kaka zake Adhiambo. Unajua alikuwa anamwoa Adhiambo Agosti. Alitaka mashemeji zake wamwone. Alipita mchangani, akapita topeni, wakampigia makofi. Kisha akaingia majini. Unajua yale magari yanavyokwenda majini, polepole, magurudumu yakipiga maji kama bata. Maji yaliingia chini ya ubao wa kukanyagia, mahali ambapo dereva haoni. Alipoona alikuwa katikati ya magugu maji, amevaa koti zito na gambuti. Mdogo wangu alijua kuogelea tangu utoto. Gambuti zilijaa, magugu yakamfunga miguu. Kaka zake Adhiambo ni watu wa kule juu, mbali na ziwa, hawaogelei. Walisimama ufuoni wakamtazama.

Na wewe ulipofika jioni, ukalia mbele ya watu wote, ukaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, na kizibo kikaanguka mchangani. Kila mtu alikiona. Mama alikiona. Alikiokota yeye akakuuliza ni nini, nawe ukashindwa kumjibu.

Swali langu ni hilo moja. Kwa nini hukusema? Ulikuwa na simu. Ulikuwa na siku zote hizo. Ungeniambia tu, Zadock, Nyang' isiguse maji, mimi ningemfungia Levis ndani ya nyumba.

Mazishini hukuja. Mtu ambaye hana kitu rohoni huja.

Usijiite ndugu yangu. Nilikuwa na ndugu mmoja.

Zadock Ochola


Kosele
30 Juni 2024

Shemeji Gisiri,

Naandika Zadock akiwa dukani. Omanga nimempa hii imekunjwa ndani ya gazeti, nikamwambia ni mambo ya wanawake, ni ya Truphena. Ukishaisoma uichome.

Nilisoma barua aliyokuandikia. Aliiacha mezani wazi, nafikiri alitaka niione. Niliisoma polepole nikingoja kufika mahali atakapokumbuka. Hakukumbuka.

Shemeji, Jumanne ile, siku nne kabla ya Levis kufa, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula dukani. Ulipopiga simu alikuwa akimpimia mtu misumari, akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilisikia kila kitu. Ulimwambia kizibo unacho wewe, raba imekatika, umempa fundi wa Migori akukatie nyingine, Nyang' isiteremshwe majini mpaka urudi, na Levis aambiwe. Akakujibu, "Sawa, nitamwambia." Hapohapo lori la saruji likaingia, akakata simu akatoka kugombana na dereva kwa sababu mifuko ilikuwa imeloana. Mimi nikarudi nyumbani. Sikumwambia Levis, nikijua ataambiwa na kaka yake.

Hajifanyi. Mwanzo nilifikiri anajifanya, nikamchungulia usoni siku nyingi. Imemtoka kabisa, kama haikuwahi kusemwa. Ugomvi wa saruji anaukumbuka, hata jina la dereva analijua. Simu yako hapana.

Ndiyo maana siku ile ulipofungua mdomo kumjibu Mama nilikushika mkono. Ulinielewa, ukanyamaza, na mimi sitakusahau kwa hilo. Ndiyo maana pia nilikupigia usije mazishini. Nilikuambia ni kwa ajili ya vijana, na ni kweli vijana walikuwa wakisema Mkuria akikanyaga hapa watachoma gari lake. Lakini mimi nilichoogopa zaidi ni kwamba utasimama karibu na kaburi, mtu akuulize, nawe ujibu.

Baba yao alipokufa Zadock alikuwa kijana tu na Levis hajaota meno. Yeye ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni kumpeleka shule mvua ikinyesha. Akijua kwamba alikuwa na neno la kumwokoa mkononi na akaliacha lianguke kwa sababu ya mifuko ya saruji, mimi simwoni akiishi. Sasa hivi anaishi kwa kukuchukia wewe. Anaamka, anavaa viatu, anafungua duka, kwa sababu ana mtu wa kumkasirikia.

Najua ninachokuomba si haki. Nakuomba hivyohivyo.

Shemeji yako,
Phelesia


Ogwedhi
14 Julai 2024

Shemeji Phelesia,

Barua yako nimeichoma kama ulivyosema, baada ya Truphena kuisoma. Kwake sikuweza kuficha, maana yeye ndiye anayeniona nikikaa zizini bila kazi. Amekasirika. Anasema mwanamke anayelinda nyumba yake kwa kubomoa ya mwenzake si wa kuitwa shemeji. Nimemwomba akusamehe.

Nimefikiri. Mimi nimemjua Zadock kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu wa damu. Tulikutana mnadani hapa Ogwedhi akitafuta fahali wa kukuolea wewe, unakumbuka, akadanganywa na kila mtu isipokuwa mimi. Ukweli huu ukimfika utamla kuanzia ndani. Mimi uongo utanila kuanzia nje, na nje nina ngozi ngumu.

Nitanyamaza. Lakini, shemeji, mtazame vizuri. Mtu akizoea kumlaumu mwingine huwa hatosheki na kidogo. Na siku moja akikumbuka mwenyewe, usimwache peke yake.

Gisiri


Kosele
6 Oktoba 2024

Gisiri,

Nakujulisha mambo matatu ili usije ukasema hukuambiwa.

Nyang' tuliivuta kutoka ziwani ilipopungua mvua. Nimeikata kwa grainda. Nilianza na tumbo, pale penye tundu. Vyuma vimekwenda na mtu wa chakavu, plastiki nimeichoma ufuoni, na moshi wake ulikuwa mweusi hadi majirani wakafunga madirisha. Opuk yangu pia nimeikata. Sitaki kuona mtu mzima akichezea tope tena.

La pili. Adhiambo ameolewa na mtu mwingine, kule Rongo. Simlaumu. Alikuja kuniaga. Aliniuliza kama kweli wewe ulisahau, au ulikuwa na sababu. Nilikuwa sijafikiria neno hilo, sababu. Tangu siku hiyo nalifikiria. Levis alikataa kumwoa binti wa ndugu yako, mwaka ule ulipomtania mbele yetu ukisema utampa mke wa Kikuria. Sote tulicheka. Sijui kama wewe ulicheka.

La tatu. Jambo hilo nimelisema. Nililisema kanisani walipoomba ushuhuda, na nikalisema mnadani Uriri Jumanne iliyopita, mbele ya wanunuzi. Sikutumwa na mtu. Nilisema kwamba mtu huyu alitoa kizibo, akakificha, na akangoja.

Omanga alinivuta shati ninyamaze. Nimemwambia achague. Kwa hivyo barua hii huenda ikawa ya mwisho kupita kwake.

Zadock Ochola


Ogwedhi
17 Novemba 2024

Zadock,

Nimengoja mwezi mzima ili hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka. Naandika nayo.

Jumanne iliyopita nilimtuma Mogire na ng'ombe Uriri, kwa sababu mimi wanunuzi wa upande wenu hawaninunulii tena tangu ulipohubiri. Hata salamu wananipa wakitazama pembeni. Nikasema labda Mogire watamnunulia. Vijana walimzunguka karibu na ua wa ng'ombe. Walikuwa wakitaja jina la Levis. Walimvunja mkono wa kulia mahali pawili, na ng'ombe wakatawanyika hadi mashamba ya miwa. Omanga ndiye aliyemtoa, akamlaza juu ya meza ya buchari, akamfunga mkono kwa ubao wa kukatia nyama. Mogire hakuwahi hata kumwona ndugu yako.

Na huku kwetu vijana wamesikia. Jana walikuja kwangu kuuliza Zadock ni nani na anakaa wapi. Niliwaambia sijui. Wamekwenda, lakini hawakuniamini.

Kwa hiyo nimefika mwisho wa kunyamaza. Uliniuliza kwa nini sikusema. Nilisema, Zadock. Nilikupigia simu Jumanne ile nikiwa Migori, nimesimama nje ya kibanda cha fundi. Nilikuambia kizibo ninacho, gari lisiguse maji, umwambie Levis. Uliniambia, "Sawa, nitamwambia." Nikasikia lori linapiga honi kwako, ukakata.

Ulisahau. Hilo ndilo lililotokea. Hukumwua mtu, na mimi sikumwua mtu. Ulikuwa na kazi ukasahau, kama mimi ninavyosahau, kama Omanga anavyosahau kila siku. Ningekuwa nimekuja kukuambia haya uso kwa uso, tulie pamoja, yaishe. Sikutaka uyasome kwenye karatasi. Lakini mkono wa Mogire sikuuweza.

Nilikuwa nimekubali unichukie mimi. Watu wangu hapana.

Gisiri


Kosele
24 Novemba 2024

Gisiri,

Omera, sikujua uongo unaweza kwenda mbali hivi.

Nimesoma barua yako nimesimama. Kisha nikamwita Phelesia, nikamwita na Mama, nikawaweka wakae. Nikamuuliza Phelesia mbele ya Mama, kwa sababu mbele ya Mama hajawahi kunidanganya. Nikamwambia, Jumanne ile ulikuwa dukani, uliniletea chakula. Je, huyu alipiga simu akasema habari ya kizibo?

Alimtazama Mama. Akasema, "Hapana. Sikusikia simu yoyote."

Umesikia? Mke wangu. Unataka kunitwika kaburi la mtoto niliyemlea, na mke wangu mwenyewe anasema hapana.

Lakini mimi si mtu wa kubishana kwa mdomo. Simu huwa zinaandikwa. Mwezi ujao nitakwenda Kisumu kwenye ofisi ya simu niombe orodha ya siku ile. Kama simu hiyo haipo, nitaipeleka orodha kwa polisi pamoja na barua yako, waone jinsi unavyotafuta njia. Kama ipo

Haipo.

Zadock


Kosele
8 Desemba 2024

Shemeji,

Nilisema hapana. Nilikuwa nimemtazama Mama mikono, alikuwa ameishika kanga ya Levis ile aliyofunikwa nayo utotoni, nikasema hapana. Sitakuomba msamaha kwa sababu nikiomba nitakuwa ninakuomba uniondolee mzigo, na mimi nimekuongezea wa kutosha.

Nilifikiri hapana yangu itamtosha. Haikumtosha. Ananiuliza kila asubuhi kabla sijafungua macho vizuri. Una uhakika? Ulikuwa umekaa wapi? Mimi nilikuwa nafanya nini? Namwambia ulikuwa unapima misumari, naye anarudia, misumari, misumari, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Shemeji, anakaribia. Juzi aliniuliza kama ile siku ya lori la saruji ilikuwa Jumanne au Jumatano. Nikasema sijui.

Duka amelifunga. Anashinda ufuoni amevaa koti la Levis, lile walilomtoa nalo. Chakula anakipokea, anakiweka chini, anasahau kula.

Ijumaa nilimkuta ghalani amekaa na chupa ya dawa ya kupe miguuni. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kupe. Sisi hatuna hata mbuzi. Niliimwaga chooni nikamwita mchungaji wa kanisa akaja akakaa naye, na kaka yangu amehamia kwetu, halali nje ya macho yake. Lakini Jumatatu ya wiki ijayo ana safari ya Kisumu, na hiyo orodha akiishika mkononi, akaiona namba yako pale, hakuna mchungaji wala kaka atakayemshika.

Mimi maneno yangu hayaamini tena. Ya Omanga hayaamini. Labda ya kwako ataamini, kwa kuwa wewe ndiye anayetaka kukuona mwovu.

Sisemi ufanye nini.

Phelesia


Ogwedhi
11 Desemba 2024

Zadock,

Nakuandikia mara ya mwisho, na sasa nitasema jinsi ilivyokuwa.

Usihangaike na Kisumu. Ukienda, simu utaikuta. Nilikupigia Jumanne ile, hilo ni kweli. Lakini nilikupigia kuuliza bei ya mabati. Truphena alitaka kuezeka jiko upya, nikataka kujua kama una ya geji thelathini. Ukasema yapo. Lori likaingia kwako, ukakata. Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu wakati huohuo na sikukitaja. Nilikuwa nimekisahau.

Nilikumbuka niliposikia habari za Levis. Niliogopa. Ndiyo sababu sikuja mazishini, na ndiyo sababu sikuwa na jibu la kukuandikia. Ya binti wa ndugu yangu uliyafikiria vibaya, ule ulikuwa mzaha na nilicheka kama ninyi. Sikungoja mtu afe. Nilisahau tu.

Mogire alipovunjwa mkono nilishikwa na hasira nikatafuta mtu wa kumtwika, nikakutwika wewe. Lilikuwa jambo baya kuliko lile la kwanza. Phelesia alikuambia kweli. Hakusikia chochote cha kizibo kwa sababu hakikusemwa.

Wewe ungeambiwa ungemfungia Levis ndani ya nyumba, kama ulivyoandika. Kila mtu anayekujua anajua hivyo.

Nakuomba kitu kimoja, si kwa ajili yangu. Waambie vijana wa Uriri wamwache Mogire na watu wangu wengine wapite. Mimi mwenyewe sitakuja tena upande huo. Ng'ombe wangu nitawauza kwa Wamaasai.

Kula, Zadock. Mama asikuzike na wewe.

Gisiri


Kosele
12 Januari 2025

Gisiri,

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama kwa Kijaluo, kisha nikamsomea Phelesia.

Kisumu sikwenda. Sikuwa na haja. Maana nilipofika pale penye mabati kila kitu kilinirudia. Nakumbuka hata sauti yako. Uliuliza geji thelathini, nikakuambia yamebaki ya kijani na ya rangi ya maziwa, ukasema Truphena anapenda ya kijani. Hilo la rangi hukuliandika lakini mimi nalikumbuka vizuri. Sijui lilikuwa limejificha wapi muda wote huu, na ningelikumbuka mapema nisingeteseka hivi.

Sasa nalala. Nimefungua duka. Koti la Levis nimempa Mama alihifadhi. Juzi nilikula hadi Phelesia akaniongezea.

Vijana wa Uriri nimewaambia. Aliyekosa ni wewe, wala si mchungaji wako, na nilimtumia salamu za pole kwa Omanga. Kwa polisi sitakwenda. Mtu aliyesahau hawezi kufungwa kwa kusahau, hata kama angestahili.

Kukusamehe sitaweza na usiningoje. Lakini nimefikiri kwamba ni haki nikuandikie, kwa kuwa mwishoni ulikuwa mtu mkweli, na haikuwa rahisi.

Phelesia alilia sana nilipomsomea barua yako. Aliingia jikoni akajifungia. Nilisimama nje ya mlango nikamwambia aache, asimlilie mtu kama wewe.

Zadock Ochola